Kaburi Aliloonyeshwa Mama Mkubwa

Kazi ya kuandika historia ya makaburi yetu nilipewa kwa sababu ya mdomo wangu. Tulikuwa kwenye mkutano wa jumuiya, Washwood Heath, katika ukumbi ule ambao hita zake hutoa kelele bila kutoa joto. Mwenyekiti alikuwa akitusomea maneno yatakayochongwa kwenye jiwe la kumbukumbu. Jiwe lenyewe lingewekwa kwenye lango la makaburi madogo ya kijiji kimoja nje ya Birmingham, walikozikwa Waswahili wa mwanzo waliofia huku. Akasoma kwamba wazee hao "wamelala kwa mpangilio mzuri." Nikauliza, kwa sauti niliyodhani ni ya chini, mpangilio gani, na nani anajua yupi kalala wapi. Mwenyekiti akanitazama juu ya miwani yake, akasema, "Bibie anayeuliza ndiye atakayetufanyia research." Watu wakapiga makofi, na kwetu makofi yakishapigwa jambo limekwisha.

Huenda mtu akashangaa kwa nini Waswahili walizikwa kijijini, katikati ya mashamba na kondoo, na mji huu una makaburi makubwa ya kila dini. Wazee wale walikuwa wakifanya kazi kwenye kiwanda cha magari, na mwenzao wa kwanza alipofariki hawakujua hata mlango wa kubisha. Mwingereza mmoja waliyekuwa naye kazini akawaombea kona huko kijijini kwao, mwisho kabisa wa makaburi, kando ya ua wa miti ya miiba. Ng'ambo ya ua ni malisho. Wenyeji wamelazwa sambamba na njia, wametazama mashariki. Wetu wameelekezwa Kibla, ambayo kutoka huku ni kusini-mashariki, kwa hiyo safu zetu zimekaa mshazari, na mgeni akichungulia kutoka langoni anaweza kudhani tulizika kwa haraka. Hatukuzika kwa haraka. Tulizika kwa imani, na kwa theluji, na kwa kutokuandika kitu.

Hilo la kutokuandika lilikuwa msimamo. Wazee walishikilia kwamba kaburi halijengewi wala haliandikwi jina, kijiti cha mbao chenye namba kinatosha. Vijiti vikaoza, na vilivyosalia vikang'olewa na mashine ya kukatia majani. Kikabaki kichwa cha kila mtu na alichokumbuka. Na vichwa vyenyewe vilikuwa vya wanaume, kwa sababu kwetu wanawake hawaendi kuzika. Siku ya maziko sisi hubaki nyumbani, tukalia, tukasoma, tukapika, tukapimana kwa pembe ya jicho nani analia kwa uchungu na nani analia kwa kuwa ameketi karibu na mfiwa. Wanaume hulichukua jeneza, wakirudi wanasema tushamsitiri, na hakuna anayewauliza wapi.

Mama Mkubwa ndiye aliyenilea huku. Ni dada yake mama, na nilipoletwa kutoka Unguja nikiwa msichana wa shule nilifikia kwake, nyumba ya matofali yenye ngazi nyembamba na harufu ya udi iliyokwisha kuingia kwenye mapazia. Mumewe, Baba Mkubwa, alikuwa mmoja wa wale wa kiwandani. Alifariki majira ya baridi, theluji imefika kwenye vizingiti. Wanaume wakaenda kumzika, Mama Mkubwa akakaa eda. Eda ni eda: hatoki, hajipambi, na mume aliyezikwa anamsikia kwa habari tu. Alipotoka, theluji ilikwisha zamani, majani yameota, na jambo la kwanza alilotaka ni kuonyeshwa alipo mumewe.

Aliyemwonyesha ni Mwenyekiti huyuhuyu, wakati ule kijana mwenye nywele nyingi, katibu wa jumuiya. Nilikuwepo. Alitembea mbele yetu kwa hatua za mtu anayejua, akasimama karibu na njia, akanyoosha mkono: "Hapa, bibie. Ndipo tulipomweka." Mama Mkubwa akapiga magoti kwenye majani mabichi. Mimi nilikuwa natazama kondoo.

Tangu hapo alikwenda kila Ijumaa aliyoweza, kwa basi kwanza, kisha kwa gari langu. Alikuwa akipanda mrehani juu ya kaburi kama anavyofanya mtu wa kwetu. Mrehani wa Uingereza hauna maisha, ukifika Oktoba umekufa, na yeye alikuwa akiotesha mwingine kwenye vikopo vya mtindi dirishani mwa jikoni, akiusema kila asubuhi kwa uvivu wake. Makaburini akikaa kwenye kiti cha plastiki, akisoma Yasini, halafu akitoa habari. Habari zilikuwa nyingi. Nani kaoa, nani kaachwa, bei ya samaki, jirani na paka wake. Na kila mara, mwishoni, alikuwa akimtia mdomoni Mzee wa Mombasa.

Huyo alikuwa rafiki wa Baba Mkubwa, mseja, mcheza karata, asiyekuwa na mtu wake hapa mjini. Kila Jumamosi alikuja kwao kabla ya chakula cha mchana na hakuondoka mpaka Mama Mkubwa aanze kufagia miguuni mwake. Alikula, akamvuta Baba Mkubwa kwenye karata, akamshinda, akacheka. Juu ya hayo alimwambia Mama Mkubwa, mbele ya wageni, kwamba pilau yake imesikia habari za bizari lakini haijaonana nayo. Hilo halikusameheka. Mzee wa Mombasa alifariki majira yaleyale ya baridi, wiki chache baada ya Baba Mkubwa, na hata kifo hicho Mama Mkubwa alikiona ni ukaidi, kumfuata mume wake huko alikokwenda ili wamalizie mchezo. Basi pale kaburini nilikuwa nikimsikia: "Yule rafiki yako, mla vya watu. Yule asiyejua kwao. Alikupotezea Jumamosi zako zote, nami nikanyamaza kwa ajili yako." Hakunyamaza hata siku moja, lakini hiyo ni habari nyingine.

Mwaka ule nilipopewa kazi ya historia, figo za Mama Mkubwa zilikuwa zimechoka. Alikuwa akipelekwa hospitali ya Harborne kusafishwa damu, akirudi anakaa sofani na blanketi, mdogo kuliko jana yake. Hakuogopa kufa. Alikuwa na neno moja tu, nalo alilirudia kwa madaktari, kwa madereva, kwangu: pahala pake. Pembeni ya kaburi lile palikuwa na nafasi aliyowekewa kitambo, Mwenyekiti mwenyewe akiwa amekwenda ofisini kumshughulikia. "Mimi sitaki makubwa," alikuwa akisema. "Nimeishi mbali na kila mtu wangu. Nikifa mnilaze karibu na mume wangu, basi." Akifika pale hupapima kwa macho, huku na huku, kama anayepanga kuingiza kabati.

Ofisi ya makaburi ya kijiji ni chumba kimoja nyuma ya maktaba, na karani wake ni mama wa Kiingereza mwenye mbwa mzee anayelala juu ya miguu ya wageni. Alifurahi kupita kiasi kwamba kuna mtu anataka kujua. Akatoa daftari la maziko na ramani, akachukua utepe wa kupimia, tukaenda uwanjani mimi na yeye na mbwa. Nilimwomba tuanze na Baba Mkubwa, kwa kuwa huyo namjua alipo. Mimi nikashika njia. Yeye akashika ua wa miiba.

"Huku," akaniita.

Nikamwambia hapana, ni huku, nimekuja hapa tangu niko shule. Akatazama ramani, akapima tena kutoka kwenye ua, akasimama juu ya majani matupu yaliyokatwa vizuri, pasipo na kitu. Hapo, alisema kwa upole, ndipo alipo Baba Mkubwa. Nikamuuliza basi huyu wa kwenye njia, mwenye mrehani, ni nani. Akalisoma jina polepole, akilivunjavunja. Hakuwa na haja ya kulimaliza. Alikuwa Mzee wa Mombasa.

Sitajisingizia wema: kwanza nilicheka. Nilicheka mpaka mbwa akasimama. Miaka yote hiyo Mama Mkubwa alikuwa akikaa juu ya kiti cha plastiki akimsengenya mtu masikioni mwake mwenyewe, halafu anamwombea pepo. Kisha nikaiona ile nafasi aliyowekewa, pembeni ya mwanamume aliyemfagilia miguuni, na kicheko kikanikauka. Nikamuuliza karani kama kando ya Baba Mkubwa pana nafasi. Upande mmoja, alisema, amelala mzee mwingine. Upande wa pili ni tupu lakini umeshawekwa. Ulikuwa umewekwa kwa jina la Mwenyekiti.

Mwenyekiti hunywa kahawa Moseley, kwenye mkahawa ambao hakuna Mswahili anayeweza kumkuta akila keki na sukari yake iko juu. Nilimkuta.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Kaa, kaa. Hapa wanatia maziwa ya oats, hayana neno."

"Sikuja kwa maziwa. Siku ile ulipomwonyesha Mama Mkubwa kaburi, ulikuwa unajua?"

Akaikoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari. "Kujua kuna daraja."

"Daraja yako ilikuwa ipi?"

"Ya kati," akasema.

Kisha akatoboa. Siku walipomzika Baba Mkubwa kila kitu kilikuwa cheupe, huoni ua wala njia. Wiki chache baadaye wakamzika Mzee wa Mombasa, na kwa kuwa upande mmoja ulijaa maji mchimbaji akawahamishia upande mwingine. Theluji ilipoyeyuka makaburi mapya yakaonekana mawili, moja uani, moja njiani, na vijiti vilikuwa havijawekwa. "Halafu mamako mkubwa akatoka edani," alisema, "akanisimamia na baibui lake, akanitazama vile anavyotazama. Wewe ungesema hujui?"

"Ningekwenda ofisini ku-confirm."

"Mbele yake? Nikamuulize Mzungu mimi nimemzika wapi ndugu yangu?"

"Na wenzako waliobeba jeneza? Hawakuona kwamba unaonyesha siko?"

"Hakuna aliyesema kitu."

Baadaye niliwatafuta waliosalia, na kila mmoja alinipa jibu lilelile bila kuambizana. Alikuwa na wasiwasi, naam, lakini alipomwona katibu ananyoosha mkono kwa uhakika, alidhani ni yeye aliyesahau. Hivyo wanaume wazima, watu wa heshima zao, kila mmoja alimeza shaka yake kwa kumstahi mwenziwe, na mjane akapewa mtu mwingine. Wao wenyewe wakienda makaburini hawakusumbuka kutafuta. "Sisi tunasimama langoni," Mwenyekiti alinieleza, tena kwa fahari kidogo, "tunaomba dua ya jumla. Inawafikia wote."

Sikumwambia kwamba najua kuhusu nafasi yake. Kuna mambo mtu huyaweka akiba.

Ilibaki kumwambia Mama Mkubwa, na hapo ushujaa wangu uliishia. Nilijitungia sababu nyingi za kunyamaza: udongo ni udongo, mgonjwa hasumbuliwi, waliolala pale walikuwa marafiki na hawatagombana. Ukweli ni kwamba nilimpenda na nilimwogopa, na ndani yangu hivyo viwili havijawahi kuachana. Nikampelekea kesi rafiki yangu Mkenya, muuguzi wa hospitali ileile, ambaye tunakula naye Harborne karibu na kliniki ya meno ninapofanya kazi mapokezi.

"Wee," alisema. "Kwa hivyo amekuwa akiongelesha mzee wa wenyewe all these years?"

"Na alikuwa anamsema vibaya. Yeye mwenyewe. Ana kwa ana."

Aliweka uma chini akacheka akifuta macho. Halafu akaacha. "Sasa sikiza. Huko kwa ward mimi nimeona watu wakienda na hasira juu ya vitu ndogo kushinda hii. Akizikwa hapo na wewe ulijua, utaweza kukaa na hiyo maneno? Mwambie. Na umwambie akiwa ameketi."

Ijumaa iliyofuata mvua ilituhurumia. Nilimweka Mama Mkubwa mbele, Mwenyekiti nyuma na kiti cha plastiki mapajani. Nilikuwa nimemwambia Mwenyekiti tunakwenda kupima pahala pa jiwe, na nusu ya njia alizungumzia jiwe. Mama Mkubwa aliketi pake pa siku zote, akasoma Yasini mpaka mwisho, na Mwenyekiti akahama kutoka mguu huu kwenda mguu ule. Alipofunga msahafu nikasema, "Mwenyekiti ana neno."

Alianza na hali ya hewa. Akaja kwenye juhudi za wazee wetu, shida walizopata, baridi ya wakati ule ambayo siku hizi haipo. Akafika kwenye udhaifu wa binadamu, akaonekana kutaka kukaa huko.

"Mwenyekiti," Mama Mkubwa alisema, "mimi kesho nina dialysis."

Akalisema. Alilisema akitazama viatu vyake, kwa maneno machache kuliko nilivyotegemea, na nusu yake ilikuwa sorry. Mama Mkubwa aliutazama mrehani uliokuwa ndio kwanza umeshika.

"Basi huyu ni nani?" akauliza.

Mwenyekiti aliniangalia mimi. "Ni yule wa Mombasa," nikasema.

Kondoo wakasogea kwenye ua kutusikiliza. Mama Mkubwa akasema, kwa sauti ya mtu anayejihesabia hasara, "Nilimwambia ile ya pilau."

Nilikuwa nimeisahau. Mwaka mmoja, akidhani anazungumza na mumewe, alikuwa amekiri kwamba hatimaye alijaribu kuzidisha bizari, na pilau ikawa nzuri, na kwamba rafiki yake yule, Mungu amlaani na amrehemu, hakukosea.

"Kwa hiyo anajua," Mama Mkubwa alisema.

"Anajua."

Alicheka. Alicheka mikono iko kifuani, bega likitetemeka, na mimi nikacheka naye nimeshika mgongo wa kiti asije akaanguka. Mwenyekiti akaona hatari imepita, akaingiza kicheko chake. Mama Mkubwa akakata cha kwake, akamgeukia. Mwenyekiti akatafuta kitu cha kutazama juu ya mti.

"Na mume wangu?" aliuliza. "Nani alikuwa akimpa habari?"

"Dua ya jumla, bibie," Mwenyekiti alisema, taratibu.

"Ya jumla," akarudia. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. Mimi nilikuwa na hasira na yule mwanamume mzima aliyekuwa mbele yetu, na desturi iliyotuweka nyumbani tukipika, na mimi mwenyewe niliyekuwa nikitazama kondoo. Nilimwinua Mama Mkubwa, tukatembea mpaka uani. Nikamwonyesha majani yale matupu. Akatoa salamu kwa sauti ndogo, ile ya mgeni aliyebisha hodi bila ya uhakika kwamba nyumba ndiyo. Nikamletea kiti chake, kisha akatuambia twende garini.

Kutoka garini tulimwona ameinama mbele kwenye kiti. Mwanzo hakufanya kitu. Halafu kichwa kikaanza kwenda, halafu mkono, halafu kidole.

"Anamwambia nini?" Mwenyekiti aliniuliza.

"Anaanza mwanzo," nikasema. Tulikaa humo mpaka vioo vikajaa ukungu, na Mwenyekiti alinisimulia historia yote ya jumuiya, ambayo sikumwomba.

Alipotupungia tukarudi. Alikuwa amechoka lakini uso umetulia, na macho yake yalikuwa tayari yanapima kando ya kaburi, huku na huku.

"Hapa upande huu pana mtu?"

"Pamewekwa," Mwenyekiti alisema.

"Pamewekewa nani?"

Niliingiza mikono mfukoni. Nilikuwa nimeisubiri nafasi hii tangu Moseley, na ilikuwa tamu zaidi ya keki yake. Mwenyekiti alikohoa. Alisema kwamba yeye, wakati ule, alitaka tu pahala palipo mbali na njia, watu wasije wakamkanyaga, na kwamba karani wa siku hizo alimwonyesha hapa bila ya kumwambia jirani ni nani.

"Kwa hiyo ulinipeleka kwa mwenzio," Mama Mkubwa alisema, "halafu ukajilaza wewe kwa mume wangu."

"Wallahi sikujua, bibie."

"Hilo tushalijua. Hukujua."

Sijui kama Mwenyekiti alikuwa ameamua tangu garini au aliamua pale. Alivua kofia yake, na kichwa chake kilikuwa na upara ambao sikuwahi kuuona. "Chukua pahala pako," alisema. "Mimi nitakwenda kule njiani. Nastahili."

"Atakushinda karata kila siku," Mama Mkubwa akamwambia. Hakuwa na huruma katika jambo hilo, na nilifurahi kwamba hakuwa nayo.

Kabla ya kuondoka akataka apitishwe kwa Mzee wa Mombasa. Kwetu mtu uliyemsema unamtaka radhi, na ikiwa amekufa kabla hujamtaka, unabaki na mzigo wa watu wawili. Alisimama, hakutaka kiti. "Nisamehe," alimwambia. "La kuwa hujui kwenu, nalirudisha. La mla vya watu, nalirudisha. La Jumamosi silirudishi, maana ni kweli." Akainama akausogeza mrehani mmoja uliokuwa umelala. Ijumaa zilizobaki alikaa kwa wote wawili, kwa mumewe kwanza, na mara moja aliniambia kwenye gari kwamba, bila ya kumvunjia mtu heshima, yule mwingine alikuwa msikilizaji mzuri zaidi.

Nikarudi kwa karani na mbwa wake kubadilisha majina ya nafasi. Tukapima na makaburi mengine yote ya safu zetu, tukaweka kijiwe kidogo chenye namba kwenye kila moja, na wazee waliobaki hawakupinga kwa sauti. Familia mbili nyingine ziligundua kwamba zilikuwa zikizuru siko. Moja ilicheka, nyingine haisemi na mimi hadi leo. Maneno ya jiwe la langoni niliyakata, lile la mpangilio mzuri nikalitoa, na Mwenyekiti akatia saini bila ya miwani.

Mama Mkubwa alifariki asubuhi moja ya vuli, hospitalini, mkono wake uko ndani ya wangu na nusu ya sentensi iko mdomoni mwake. Ilimhusu mhudumu aliyempa chai baridi. Nililia mpaka nikajiona mjinga, na bado nalia, wakati mwingine nikiwa mapokezi mtu ananiuliza kuhusu meno yake.

Nyumba ikajaa wanawake. Nilikuwa jikoni, nimefunga kanga kiunoni, nakata vitunguu, simu ikalia. Ni Mwenyekiti, alikuwa msikitini na jeneza.

"Wewe tangulia," alisema.

"Nitangulie wapi?"

"Makaburini. Simama palepale. Usiondoke mpaka tufike."

"Wanaume watasema."

"Na waseme," alijibu, akakata.

Nilinawa mikono, nikajitanda mtandio, nikaendesha. Mvua ilikuwa nyepesi. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa kando ya ua, na mchimbaji alikuwa ndani ya mashine yake ndogo anakunywa chai. Nikahesabu kutoka kwenye ua kama alivyonifundisha karani, nikasoma namba ya kijiwe cha Baba Mkubwa, nikasimama baina yake na shimo. Nilisimama hapo peke yangu, mwanamke mmoja, viatu vinaingia tope.

Walikuja kutoka langoni wakipokezana jeneza, wakinitazama. Nikanyoosha mkono. Hakuna aliyeniambia niondoke. Wakaja moja kwa moja, wakamteremsha, wakamlaza kwa ubavu wake wa kulia, akaelekezwa Kibla, mumewe yuko nyuma yake. Waliotaka kutupa udongo wakajipanga, na hapo Mwenyekiti akainua mkono, akawazuia.

"Kabla hatujafukia," alisema, "nyote mmeona? Yeye yuko hapa, na mume wake yuko hapa. Sitaki kutikisa kichwa. Kila mtu aseme kwa mdomo wake."

Wakasema. Nimeona, nimeona, mmoja baada ya mwingine, wengine kwa aibu, mvua inawalowesha ndevu. Ikafika nyuma kabisa, kwa mzee mmoja niliyekuwa nimemhoji zamani, mmoja wa wale waliombeba Baba Mkubwa siku ya theluji.

"Mimi sijaona vizuri," alisema.

Wakampisha. Akaja mpaka ukingoni, akavua miwani, akaifuta kwa kanzu, akaivaa tena, akatazama.